Mkono Uliotoa Betri

Ukiniona hivi nilivyo, mtu mzima mwenye akili zangu, huenda ukadhani nakutania. Sikutanii. Jambo hili halikumpata shangazi yangu wala rafiki wa rafiki yangu. Lilinipata mimi, mchana, jua likiwa utosini, na sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimesinzia. Wote waliohusika wako hai isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye nitakayekueleza habari zake. Ningependa sana kukusimulia kisa ambacho ndani yake mimi ni mtu mwema. Hiki sicho.

Mimi ni Mtaita, mzaliwa wa Wundanyi. Nilishuka pwani mwaka wa tisini na sita, nikapata kazi ya ofisini katika hoteli moja ya Diani. Nilikuwa nimesomea kompyuta Mombasa kwa miezi tisa, na siku zile, niamini, miezi tisa ilitosha kukufanya mganga. Mashine ya mapokezi ikigoma, naitwa mimi. Printa ya meneja ikitafuna karatasi, naitwa mimi. Nikazoea kuitwa. Na mtu akishazoea kuitwa, huanza kuamini kwamba hawezi kukosea.

Pale hotelini, katika chumba cha dobi, kulikuwa na dada mmoja akiitwa Saumu, mwenyeji wa Kinondo. Alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka, na mara nyingi tulikula chakula cha mchana pamoja. Mwaka wa tisini na tisa, mvua za masika zilipokuwa zikimalizika, mama yake alifariki. Mama huyo, Bi Nyamvula, hakuwahi kukubali kupigwa picha maisha yake yote. Ile moja ya kitambulisho ilikuwa imeliwa na jasho hata uso ukabaki doa. Lakini wiki tatu kabla ya kufa, kwa sababu anazozijua yeye, alikubali. Akapigwa picha nne akiwa ameketi kibarazani kwake.

Aliyempiga ni Mwalimu Omari, aliyefundisha shule ya msingi palepale kijijini, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, aliyechambua maneno kama mtu anayechambua mchele. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa maktaba ya kijiji. Nasema maktaba, lakini kilikuwa chumba kimoja nyuma ya zahanati, chenye rafu mbili za vitabu, meza, na kompyuta. Kompyuta hiyo pamoja na kamera ndogo viliachwa na mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa amepanga nyumba Galu, alipokuwa akirudi kwao.

Basi, taabu ilikuwa hii. Kamera ile haikuwa ya filamu, na haikuwa na mahali pa kutazamia picha. Ilikuwa na kidirisha kidogo tu kinachoonyesha namba: picha ngapi zimo ndani. Kidirisha kilionyesha nne. Ili uzione, ilikubidi uunganishe kamera na kompyuta kwa waya wa USB, na kompyuta ilikuwa haitaki kabisa kuitambua. Mwalimu Omari alijaribu akashindwa. Saumu akaniuliza kama ninaweza. Unadhani nilisema nini? Nilimwambia Jumamosi jioni atakuwa ameuona uso wa mama yake.

Jumamosi nikaenda. Kompyuta ile haikuwa na mfumo tuliouzoea hotelini. Ilikuwa na Linux, mfumo huria ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuuchungulia ndani na kuutengeneza. Nilikuwa nimewahi kuugusa mara mbili tu chuoni. Skrini nyeusi, maandishi meupe, unaandika amri, nayo inakujibu au inakunyamazia. Na mambo ya USB wakati huo yalikuwa mageni kwa mfumo huo. Mzee yule alikuwa ameacha diski yenye toleo jipya la majaribio, nikalitia, nikasubiri karibu saa nzima mashine ikisaga.

Mwalimu Omari alikaa pembeni yangu akitazama. Kabla ya kuondoka kwenda kuswali adhuhuri, aliigeuza kamera akanionyesha karatasi iliyobandikwa chini yake, maandishi madogo kama chawa. Akanambia kamera hii huhifadhi picha kwa nguvu za betri, kwa hiyo betri zisitolewe mpaka picha zihamishwe. Akaongeza kwamba ni mpya, alizitia siku ileile kabla ya kumpiga Bi Nyamvula. Nikamwambia nimesikia. Moyoni nikasema, mwalimu wa hesabu za kujumlisha ananifundisha kazi yangu.

Alipotoka nikaendelea. Nikachomeka waya, na safari hii mfumo ukaandika kwamba umeona kifaa kipya. Nikafurahi. Mstari uliofuata ukasema kifaa hakikubali anwani. Nikueleze: kila kinachochomekwa hupewa namba yake, kama mgeni anavyopewa chumba pale mapokezi, na baada ya hapo ndipo mazungumzo huanza. Kamera ilikuwa inagonga mlango, inapewa chumba, haiingii. Nikahamisha waya tundu la pili. Hakikubali anwani. Nikajaribu waya mwingine niliokuja nao. Hakikubali anwani. Nikazima kompyuta, nikawasha. Vilevile. Jasho likanitoka, maana saa zilikuwa zinakwenda, na Saumu alikuwa amesema atakuja na ndugu zake saa tisa.

Ndipo nikafanya kile ambacho mafundi wote hufanya kitu kikikaidi. Nikaizima kamera, nikafungua kifuniko chake, nikatoa betri zote mbili. Nikahesabu polepole mpaka thelathini. Nikazirudisha.

Usinambie kwamba nilisahau. Nimejidanganya hivyo kwa miaka, na si kweli. Maneno ya Mwalimu yalikuwa sikioni mwangu wakati kidole changu kinasukuma kile kifuniko. Nilisikia, nikayapuuza.

Nikachomeka. Mfumo ukaona kifaa kipya, ukakipa anwani, na kifaa kikakubali. Nilipiga kofi peke yangu mle chumbani. Kisha nikatazama kile kidirisha. Sifuri.

Nilikaa nikiitazama ile sifuri mpaka nikasikia viatu vya Mwalimu Omari nje. Nilikuwa na muda wa kutosha kuamua kusema kweli. Nikaamua vingine. Nikatoa betri tena, nikaziweka juu ya meza, na alipoingia nikamwambia, "Betri zilikuwa zimekufa, Mwalimu. Picha zilishapotea kabla sijafika."

"Zimekufa?" akauliza.

"Tangu zamani."

Alinitazama. Akaziokota zile betri mbili, akazitia katika mfuko wa kanzu yake.

Saa tisa Saumu akaja na dada zake wawili na shangazi yao. Walikuwa wamenibebea wali wa nazi na samaki wa kupaka kwenye sinia lililofunikwa, shukrani ya kazi yangu. Mwalimu ndiye aliyewaeleza, kwa sauti ndogo, kwamba picha hazipo. Saumu hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Mwalimu, mimi nilikukabidhi mama yangu." Naye Mwalimu Omari, mbele yangu, akainamisha kichwa akasema, "Nisamehe."

Akaomba msamaha kwa kosa langu. Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Halafu wale akina mama wakanilazimisha nile, kwa sababu nimetoka mbali na nimejisumbua. Nikala. Nililimaliza lile sinia.

Maneno yakaenea kijijini, kwamba Mwalimu aliacha betri zikafa na uso wa Bi Nyamvula ukafa nazo. Kamati ya maktaba ikamnyang'anya ufunguo. Wakanipa mimi, wakaniomba nije siku zangu za mapumziko kuwafundisha kina mama kupiga taipu. Kamera yenyewe Saumu aliomba akae nayo ijapokuwa tupu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatalia. Aliifunga katika kitambaa akaiweka sandukuni mwake. Haukupita mwezi, Mwalimu Omari akaomba uhamisho, akapelekwa Samburu, kule kwenye barabara kuu ya Nairobi, kufundisha watoto wa wafugaji.

Sasa sikiliza.

Ilikuwa siku ya Ijumaa, yapata saa saba. Wanaume walikuwa msikitini, zahanati imefungwa kwa chakula cha mchana. Nilikuwa peke yangu nikiandaa somo. Skrini ilikuwa nyeusi, na ule waya wa kamera ulikuwa ungali umechomekwa nyuma ya kompyuta, ncha yake ya pili imelala mezani, haina kitu.

Nikasikia hodi. Mlangoni palikuwa na bibi kizee, mfupi, mkavu, jicho la kushoto lina ukungu. Alikuwa amejitanda leso nyekundu ambayo pindo lake lilichanika likashonwa kwa uzi mweupe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu. Nilidhani anatafuta zahanati, nikamwambia muuguzi atarudi saa nane. Akasema hana haja na muuguzi, amechoka tu, anaomba kuketi. Kuna ajabu gani hapo? Nikamvutia kiti karibu na meza, nikaendelea na kazi yangu.

Akaniuliza mashine hii hufanya nini. Nikamweleza kwa lugha ya kumrahisishia, kama tunavyowaeleza wazee, na nakumbuka nilijisikia mtu mwema. Akacheka, akiziba mdomo kwa pindo la leso. Kisha akanambia kwamba yeye naye alipigwa picha, mara moja tu, na mwalimu mmoja mwenye adabu aliyemwambia atulie asicheke. Akashindwa. Alicheka katika zote nne.

Namba ile niliijua. Lakini mtu mwenye kosa ni hodari wa kujifunika. Nikajiambia, wazee wangapi wamepigwa picha hapa Kinondo? Sikugeuka. Nikaendelea kubonyeza herufi ambazo hata sizijui.

Yule bibi akanyoosha mkono, akaiokota ile ncha ya waya iliyokuwa haina kitu, akaishika kwa vidole viwili kama unavyoshika uzi unapotaka kuutunga kwenye sindano.

Na skrini ikaandika. Ilijiandikia yenyewe, katikati ya maneno yangu: kifaa kipya kimeonekana. Kimepewa anwani. Kimekubali.

Niliisoma mistari ile mara ngapi, sijui. Mimi ni fundi, na akili yangu ya kifundi ilikuwa bado inatafuta sababu: labda kumbukumbu ya zamani, labda mfumo una hitilafu. Nikamgeukia. Alikuwa akinitazama kwa lile jicho zima, bila ukali wowote.

"Ulizitoa kwa mkono upi?" akaniuliza.

Ningeweza kumuuliza, kutoa nini? Ningeweza kukimbia. Hakuna binadamu aliyelijua jambo lile isipokuwa mimi. Lakini nilifanya nini? Niliinua mkono wangu wa kulia, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Akaushika. Kiganja chake hakikuwa na joto wala baridi, kilikuwa kama kitu kilichokaa ndani ya nyumba. Akakishika kidole gumba na kile cha pili yake, akavibana pamoja kidogo, kama anavipima. "Haya," akasema. "Nilitaka kuujua tu."

Akaiweka ile ncha ya waya mezani taratibu. Skrini ikaandika kwamba kifaa kimeondolewa. Akasimama, akanishukuru kwa kiti, akatoka. Nilipofika mlangoni, ule uwanja wa zahanati ulikuwa mweupe kwa jua na hapakuwa na mtu, wala pa kujificha hapakuwepo. Mfagiaji alikuwa ameketi langoni akila muhogo. Nikamuuliza bibi amekwenda wapi. Akaniuliza bibi gani.

Mfumo ule huandika kila linalotokea katika faili lake, pamoja na saa. Nilirudi nikalifungua. Lilikuwemo: saa saba na dakika kumi na mbili kifaa kimeingia, saa saba na dakika kumi na nne kimetoka. Nilinakili mistari yote kwenye daftari langu. Kamera wakati huo ilikuwa ndani ya sanduku la Saumu, na Saumu mwenyewe alikuwa kazini Diani, mbele ya pasi.

Utasema niliogopa. Niliogopa, ndiyo, lakini woga ulikwisha kabla ya jioni. Kilichobaki ni kwamba hakunifokea. Angenilaani ningepumua. Alikuja, akaketi kwa adabu, akatazama mkono uliomfuta, akaenda zake.

Na hata baada ya hayo, unajua nilikaa siku ngapi kabla ya kusema? Siku tisa. Nilikuwa nikimwona Saumu kila siku kwenye chakula, nikizungumza naye habari za mashuka. Siku ya kumi nikamfuata chumba cha dobi, nikafunga mlango, nikamwambia yote, kuanzia zile betri mpaka yule bibi. Nilisema nikiwa nimetazama sakafu.

Saumu alizima pasi. Akaniuliza alikuwa amevaa leso gani. Nikamweleza, nyekundu, pindo limeshonwa kwa uzi mweupe. Akasema ule uzi aliushona yeye, na leso ile ndiyo waliyomfunika nayo mama yake alipokata roho, kabla ya kuja waoshaji. Iko nyumbani, imekunjwa. Mimi, kumbuka, sikuwahi kumwona Bi Nyamvula akiwa hai.

Nilingoja anipige. Badala yake akaniuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Alicheka?"

"Alicheka."

"Basi wewe umemwona," akasema Saumu. "Mimi namwomba Mungu kila siku nimwone hata ndotoni, sijamwona. Wewe uliyempoteza ndiye uliyemwona."

Akawasha pasi yake akaendelea na kazi.

Nilikwenda mbele ya kamati nikasema kosa langu, nikarudisha ufunguo. Kisha nikapanda lori mpaka Samburu kumtafuta Mwalimu Omari. Nilimkuta shuleni, nguo zake zimebadilika rangi kwa vumbi jekundu. Alinikaribisha, akanipikia chai kwa mkono wake, akanisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akanambia alikuwa anajua. Zile betri alizozitia mfukoni siku ile alikwenda kuzitia katika redio yake ndogo, na redio iliimba wiki mbili.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa na ushahidi mkononi.

"Ulikuwa mgeni wetu," akasema. "Nilijua utasema mwenyewe. Nikasubiri."

Alinisamehe, alisema hivyo kwa mdomo wake, lakini Kinondo hakurudi tena. Alisema watu wakishakuangalia kwa jicho la lawama, hata wakitubu, wewe mwenyewe huwezi kulisahau. Mpaka leo yuko bara huko.

Nami mpaka leo vidole hivi viwili vya mkono wa kulia, tazama, havina hisia. Nikishika sufuria ya moto sijui, mpaka ninuse ngozi. Madaktari wa Msambweni wamevidunga sindano wakaniambia mishipa ni mizima. Kazi ya kompyuta niliiacha mwaka uliofuata. Sasa nauza vitabu na kalamu hapa Ukunda. Lakini si vidole vinavyoniumiza.

Kila mwaka Saumu hufanya hitima ya mama yake, na kila mwaka hunialika. Watu wakishasoma na kula, huwaita wajukuu wa Bi Nyamvula, wengine hata hawakuwa wamezaliwa wakati ule, waketi mkekani mbele yangu, niwaeleze bibi yao alikuwa na uso gani, kwa kuwa mimi ndimi mtu wa mwisho kumwona. Mwaka wa kwanza nilianza na leso na lile jicho. Saumu akanikatiza. Akasema, si hapo. Anzia kwenye betri. Basi huanzia kwenye betri, mbele ya watoto, kila mwaka, nikiwa nimevaa nguo zangu nzuri.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayetengeneza vitu vya watu, simu zao, mashine zao, picha za wazazi wao. Utaharibu, hilo halikosekani. Siku utakayoharibu, sema mlangoni, mwenyewe akiwa bado hajaketi. Mimi nilichelewa dakika chache tu, nikamwacha mtu aombe msamaha kwa ajili yangu, na sijui bado imenibakia miaka mingapi ya kukaa kwenye ule mkeka.